Poti ya Maua

Dunda, Ijumaa, masika ya 1968. Mvua tangu alfajiri. Nepi zimeanikwa ndani mpaka juu ya picha yangu ya melini, nyumba inanuka mkojo. Mkono wa kulia umevimba, naandika kwa taabu.

Leo nimemwaga damu ya mwanangu.

Nimelitanguliza hilo ili nisije nikalizungukazunguka. Mimi niliyechochea makaa melini miaka sita, nikala Aden nikalala Bombay, nikampiga baharia Mgiriki akamwita mama yake! Leo nimepigana na mtu wa miaka miwili kasorobo, tena hana suruali.

Chanzo ni tumbo. Mke wangu Mwanaidi ana miezi minane. Siku zote Shabani akitaka haja, mama yake huketi chini, hunyoosha miguu, humkalisha juu ya miguu yake na kumshika mikono mpaka amalize. Ndivyo tulivyolelewa pwani hii. Sasa tumbo limekua, hawezi kuinama wala kumnyanyua. Mama mkwe alituma neno kutoka Kaole: mwacheni, mdogo wake azaliwe kwanza, arobaini ipite. Mwanaidi naye akasema tungoje.

Mimi nikacheka. Nikaapa barazani: siku tatu tu, atakuwa keshajua kwenda haja mwenyewe! Nikanunua dukani poti ya maua, chombo cha kuendea haja kilichochorwa maua, kama ile niliyoiona chumbani kwa nahodha.

Siku ya kwanza Shabani aliiruka kama kaa la moto. Ya pili nilimkandamiza mabega mpaka sauti ikamkauka. Hakutoa kitu. Nilipomwachia, akanikojolea mguuni.

Leo ndiyo ya tatu. Nimetoka msikitini, kanzu nyeupe pe, nikampitia nyumbani nikambeba hadi barazani kumwonyesha kwa wenzangu, maana siku tatu zimetimia. Akanya. Kanzu nzima.

Jirani yangu Mbwana akapiga makofi. "Haya baharia, meli imetoboka! Mtoto kabemendwa huyo, baba kashindwa kungoja!"

Yaani nimemharibu mtoto kwa kumpa mama yake mimba mapema. Mbele za watu.

Nilimweka Shabani chini, nikampiga Mbwana ngumi ya mdomo. Akanibwaga topeni, akanikaba, nami nikamuuma sikio. Walipotuamua, jino lake lilikuwa limenichana ngumi, na hasira yangu ilikuwa bado nzima.

Nikaenda nayo nyumbani, Shabani nimemkwapua.

Nikamkalisha Shabani kwenye poti kwa nguvu. Akakaza mwili. Nikamzaba kofi. Kofi la mchochea makaa. Akaangukia ukingo wa poti, mdomo ukapasuka.

Hakulia. Hilo ndilo linaloniua. Alinitazama tu, damu ikimchuruzika kidevuni, mkojo ukimtoka wenyewe.

Mwanaidi akatoka jikoni na mchi. Na tumbo lile! Akanishushia nao mkononi, mfupa ukalia. "Mguse tena nikupasue kichwa," akasema taratibu. "Kisha nikazalie kwa mama, na wote wawili huwaoni."

Nimeona bahari zikichafuka. Uso ule sijauona.

Marehemu baba alinitandika kwa kamba ya makumbi ya nazi kila nilipolowanisha kitanda. Nilikilowanisha mpaka miaka kumi. Hilo barazani sijapata kulisema, na Aden sikulisema.

Alasiri nilikohoa uani, kikohozi tu cha kupaliwa na kahawa. Shabani, aliyekuwa mkavu tangu kofi lile, akajikojolea palepale.

Kwa kikohozi changu.

Poti nimewapa kuku wanywee maji. Kisha nikaketi chini uani, mlango wa ua wazi, nikanyoosha miguu kama wanawake. Sikumwita. Topetope likanilowesha makalio. Mwanaidi akasimama kizingitini, mchi mkononi, hajauweka chini. Mbwana akapita, mdomo umefura kama andazi, akaniona. Akataka kusema neno, akauona mchi, akaenda zake.

Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Shabani hakuja. Alisogea hatua chache, akasita, akaketi mbali nami kiasi cha mkono usimfikie. Akanyoosha vimiguu vyake mbele, kama nilivyonyoosha mimi, akawa anavitazama.

Kesho nitaketi palepale. Na keshokutwa. Huyo wa tumboni naye atanikuta nimeketi.