Orodha ya Bi. Stoyna

Desemba 12

Kaka yangu Ignat,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Tsonka. Mgongo unaendeleaje? Na nyuki je, uliwafunika vizuri kabla ya theluji? Sisi hatujambo. Kalina wangu ameanza darasa la kwanza na meno ya mbele hana, ukimsikia anavyosoma utacheka. Baridi ndiyo hiyo, kasoro digrii kumi na moja, chini ya sifuri, asubuhi ya leo, ila mabomba yetu ya maji moto yanapasha joto mji mzima.

Najua unajiuliza huyu Asen alipotelea wapi karibu miaka saba, na leo kaota nini. Nivumilie, nitafika.

Unamkumbuka Bi. Stoyna wa meza ya dirishani pale kazini? Mama yule ni moto! Ana miaka sitini na moja, macho yamechoka, lakini amewatoa vijana wote kijasho. Unajua tulivyohangaika na programu ya kuendesha vali za mabomba ya joto: faili mia nne, na ukitaka kujua fanksheni fulani, yaani maagizo ya kazi moja, imeandikwa wapi, upekue moja moja mpaka chai ipoe. Yeye alikaa alasiri tatu tu, akatengeneza kijiprogramu. Hakina picha wala madoido. Unaandika amri moja kwenye kioo cheusi, na kabla hujakohoa kimeshakutolea orodha: kila fanksheni, jina lake, faili lake, mstari wake. Vijana walimtania kwamba kioo chake kimekaa kimsibamsiba. Akawajibu kwamba afadhali msibani, watu hujua marehemu amelazwa wapi. Tulicheka, lakini sasa wote tunakitumia. Nakwambia kweli, nimekipenda. Hakibahatishi, wala hakimwonei mtu haya.

Jumatatu alikiendesha kwenye programu nzima. Akauliza kwa sauti mbona fanksheni ya kufunga vali imeandikwa mara mbili kwa jina lile lile: mara moja kwenye faili lako, mara nyingine kwenye faili la majaribio ambalo hakuna aliyewahi kulifungua. Na programu, kaka, miaka yote imekuwa ikitumia hiyo ya pili. Yako haikuwahi kutumika hata siku moja. Bi. Stoyna aliisoma yako yote, akasema huo ndio uandishi, safi kama sahani ya mgeni.

Basi ile Januari vali zilipojifunga, watu wakalala na makoti siku tatu, na wewe ukasimamishwa mbele yetu ukaambiwa ufungashe, hukuwa wewe.

Nilikuwa mimi. Faili la majaribio ni langu, nililisahau humo. Alama ya kutoa niliiruka, kwa hiyo baridi ya kasoro ishirini ikasomeka kama joto la ishirini.

Ingekuwa hilo tu, ningekuomba radhi kwa simu. Lakini nililigundua wiki ile ile, Ignat. Siku mbili baada ya wewe kuondoka niliirudisha ile alama kimyakimya. Vali hazikujifunga tena, na watu wakasema mnaona, Ignat kaenda na hitilafu yake. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo nakunywa kahawa. Kalina alikuwa na miezi mitatu, niliogopa kukosa kazi. Naona aibu hata kuandika.

Bi. Stoyna aliniwekea orodha mezani, ile mistari miwili kaizungushia penseli. Hakunisema. Aliuliza tu kama nitaanza mimi kwa mkurugenzi au atangulie yeye. Nikaenda mimi. Barua ya kukusafisha jina imebandikwa mlangoni, pale pale ilipokuwa ile ya kukufukuza.

Tarehe ishirini ni siku ya jina lako, sikukuu ya Mtakatifu Ignat, na siku hiyo watu huja kwako bila kualikwa. Nitakuja. Ila mguu wa kwanza kuingia nyumbani siku hiyo ndio huleta heri au nuksi ya mwaka mzima, kwa hiyo sitakuwa wa kwanza. Nitasimama nje ya geti mpaka mwingine aingie, hata kama ni jioni. Ukinifungia, nitaelewa.

Mwambie shemeji kwamba naye nilimkosea. Kalina anawasalimu, bado hajui ninachowaandikia.

Ni mimi,
Asen