Meneja Asiyefoka

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na ile fimbo unaitumia, hujaitundika ukutani kama pambo. Mimi mzima wa afya, ila usingizi umenipungua, na anayenikosesha usingizi ni mtu.

Hapa hospitali tumeletewa meneja mpya. Yule wa zamani alikuwa akifoka mpaka mashine za kufulia hazisikiki. Huyu hafoki. Kila asubuhi anashuka kwenye chumba chetu cha kufulia, tunasimama mimi na yeye mbele ya ubao aliotundika karibu na meza ya kuchambulia nguo, anatoa kadi mfukoni na kuniuliza maswali yale yale. Unataka kitengo chako kifike wapi? Sasa hivi kiko wapi? Nini kinakuzuia? Utajaribu nini, na unategemea kitokee nini? Tuje lini kuona umejifunza nini? Majibu nayaandika ubaoni. Kesho yake anarudi na kadi ileile, kana kwamba jana hakunisikia.

Lengo tumeshakubaliana: mashuka safi na makavu yafike wodini kabla daktari hajaanza kuzunguka. Hapo sina ugomvi. Linalonitia shaka ni lile swali la tatu. Mtu mwenye cheo anakuuliza kwa upole nini kinakuzuia, halafu ananyamaza anakungoja. Na nyuma yake husimama mwanamke mmoja wa makamo, naye ana kadi yake, hasemi neno, anasikiliza na kuandika. Mama Pasi, yule mwenzetu wa meza ya kupigia pasi, ameninong'oneza kwamba huyo ndiye anayeandaliwa kukaa kwenye nafasi yangu.

Baba, ukuu wa kitengo hiki nimeutolea jasho, na ndio unaolisha nyumba yangu na yako. Wewe umesimamia watu kiwandani. Nishauri.

Binti yako


15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linatangaza mvua kabla ya redio. Fimbo naitumia kufukuzia kuku wa jirani, kwa hiyo usiseme imekaa bure.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Meneja asiyefoka? Huyo mwogope. Anayefoka angalau unajua yuko upande gani.

Yangu ya kiwanda cha sabuni unayajua, lakini acha nikukumbushe. Alikuja bosi mpole hivyohivyo, ananiita mzee wangu, ananiuliza mitambo inanisumbua wapi. Nami nikafunguka. Nikamweleza pipa linalovuja, vijana wanaochelewa, mpaka pale ninapobabaika mwenyewe. Haukupita muda nikaitwa ofisini, nikasomewa maneno yangu, eti nimekiri kwamba kazi imenishinda. Nikaachishwa kazi, nikatoka getini na nguvu zangu zote bado ninazo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nashtuka kwa niaba yako.

Swali la tatu lijibu hivi: "Hakuna. Tunaendelea vizuri, asante." Na huyo mama wa kadi mwamkie tu, basi. Mdomo uliponza kichwa.

Baba yako


6 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, homa ya mafua imepita nyumbani na imetuacha salama.

Nimefanya ulivyosema. Kila asubuhi naandika ubaoni "Hakuna". Meneja anautazama ubao, ananiuliza, "Hakuna kabisa?" Namjibu, kabisa. Ananishukuru na kupanda ngazi. Yule mwanamke anaandika.

Wewe nikufiche nini? Kizuizi kipo, na nakijua kama jina langu. Wodini wanatupa kila kitu kwenye mfuko mmoja, blanketi na shuka, lenye damu na lisilo na damu, sisi tunachambua kwenye meza moja. Mpaka mashuka yafike kwenye mashine ya kukaushia, daktari ameshafika kitanda cha tatu. Nikilisema hilo, litasomwa kwamba nimeshindwa kazi. Nisiposema, toroli linachelewa. Kwa hiyo nimejitafutia njia: yenye unyevunyevu tunayakunja chini, makavu juu, na toroli linapanda kwa wakati. Meneja akanisifu, kisha akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia ni juhudi tu.

Jana niliwakuta wawili hao kwenye ngazi. Mwanamke anaongea, meneja ameinamisha kichwa. Waliponiona wakanyamaza. Mimi hao siwaamini hata kidogo.

Binti yako


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku kwema, kuku wa jirani pia hajambo, kwa bahati mbaya.

Watu wakinyamaza ukipita, ujue mada ni wewe. Chunguza kama huyo mwanamke ameshapewa ufunguo wa kabati lako. Akipewa ufunguo, jua kiti kimeshakwenda. Hilo la mashuka umetumia akili, ila usilizoee. Na ubaoni usibadilishe neno.

Baba yako


2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sina namna nyingine ya kujua. Mwezi umepita na zaidi, sijapata neno lako. Unaumwa? Wajukuu wanaumwa? Wamekufukuza na wewe unaona haya kuniambia? Kama ni hao wa kadi wanaozifungua barua zangu, basi waisome na hii: siwaogopi.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Baba yako


14 Mei

Baba,

Shikamoo. Sote wazima, wajukuu wako wanakusalimia. Hakuna aliyefungua barua zako. Sikukuandikia kwa sababu nilikukasirikia.

Asubuhi moja, tuko mbele ya ubao, nimeshaandika "Hakuna", nesi wa wodi ya wanaume akashuka na shuka mkononi. Lilikuwa bichi. Mzee mmoja wa rika lako, mgonjwa wa kifua, alilala juu yake usiku kucha, akaona haya kulalamika. Homa ilikuwa imempanda. Nesi akaliweka shuka kwenye meza yangu, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, dada. Lakini hapa ungeumbuliwa na kifo cha mtu mwingine."

Nikangoja meneja afoke. Baba, nilitamani afoke. Yule mwanamke ndiye aliyesema, kwa mara ya kwanza, na hakunigeukia mimi. Alimgeukia meneja. "Ulitaka afike wapi? Yuko wapi sasa? Nini kilikuzuia kumsikia?" Meneja akajibu mbele yetu sote kwamba aliipokea ile "Hakuna" kwa sababu ilimrahisishia asubuhi.

Kumbe mwanamke yule ni mwalimu wake. Wakati wote ule alikuwa akisikiliza namna meneja anavyouliza. Na kwenye kadi ya meneja, lengo lilikuwa mimi: nikomae nishike nafasi yake, nisimamie nguo, jiko na ghala, yeye apande. Sasa nafasi hiyo haipo tena. Wakubwa wameona sijakomaa, na yeye amebakishwa palepale. Sikufukuzwa. Ningefukuzwa ningekuwa na wa kumlaumu.

Nilikulaumu wewe, kisha hasira ikaniishia, maana mkono ulioandika ubaoni ni wangu. Mzee amepona, nilikwenda kumwomba radhi, akaniuliza kama nimekula.

Sasa naandika vizuizi vilivyo. Tulijaribu mifuko miwili kwenye wodi moja tu, mmoja ukiwa wa nguo zenye damu, ikagoma, kwani mifuko ilifanana na hakuna aliyejua upi ni upi. Tukaufunga mmoja utepe mwekundu, imeanza kukubali. Nacho kitengo nimeanza kukifundisha kwa maswali yaleyale. Jana nilishika kadi mimi, nikasimama na Mama Pasi, meneja nyuma yangu. Nikamuuliza nini kinamzuia. Akamtazama meneja, akanitazama mimi, akasema, "Hakuna, mkuu. Tunaendelea vizuri, asante."

Maneno yako, baba. Na waya wa pasi yake umechunika, ameuviringishia kitambaa, ninauona kwa macho yangu. Nilivyomtazama usoni nilijiona mimi. Nikinunua waya mwingine kimya kimya, kesho ataficha kingine.

Nifundishe. Yule bosi wa sabuni angekuambia nini ndipo umwamini?

Binti yako


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma kiasi chake.

Barua yako ilinikasirisha, nikaibana chini ya redio nisiione. Lakini yule mzee wa kifua hakuniacha nitulie. Nimejiuliza kama ningekuwa mimi kwenye lile shuka, na mimi ningekaa kimya, najijua. Nimeumia, mwanangu, kwa ajili yake na kwa nafasi uliyoikosa.

Meneja wako bado simwamini, nisikudanganye. Ila umeniuliza swali, na ni siku nyingi sijaulizwa swali na mtu anayetaka jibu.

Yule bosi wa sabuni alivijua vizuizi vyangu vyote. Mimi sikukijua chake hata kimoja. Angenitajia kimoja tu, kidogo tu, kabla ya kuniuliza vyangu, ningejua tuko wawili. Hakutaja, nami sikulitambua hilo mpaka uliponiuliza wewe.

Basi kesho asubuhi hiyo kadi iache mfukoni. Mwambie Mama Pasi kizuizi chako kwanza. Mwambie kilikuwa mzee mmoja mbishi, mgonjwa wa goti, anayekuandikia barua, na wewe ukamsikiliza. Halafu nyamaza, umngoje autaje mwenyewe ule waya.

Baba yako