Sauti Yangu Kwenye Simu ya Mwalimu

Mama mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Ile sauti ya msichana inayowasomea wasioona maandishi ya kwenye simu zao ni yangu. Kaka peke yake ndiye anayejua, na nilimwapisha asiseme.

Sasa shikamoo, Mama. U mzima? Mgongo je, na zile zamu za wodini huko ugenini zimepungua? Sisi huku ni wazima wa mwili. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu jumbe za sauti za simuni tunazisikiliza wote sebuleni, na hili sitaki Kaka alisikie. Nitampa nesi mwenzako aliyekuja likizo akuletee mkononi.

Kaka alipoanza programu yake hiyo ya kuwasomea wasioona ulikuwa bado uko nyumbani, ukimwambia aache kuongea na kompyuta atafute mchumba. Ulipoondoka alihitaji mtu wa kumsomea sentensi kwa lugha zetu mbili, ya nyumbani na ya shuleni. Akanifungia stoo katikati ya magodoro ili mwangwi usiingie, nikasoma mambo ya ajabu: ng'ombe wa gavana amenunua miwani, kabichi la daktari lina wivu. Mle stoo sikuona haya hata kidogo. Kompyuta ikazikatakata sauti zangu, ikajifunza kusema lolote kama mimi.

Kaka alinieleza kwamba programu ni huria. Yeyote aichukue, aifungue aone ilivyofumwa, airekebishe, ampe jirani, na leseni yake inasema hakuna wa kumnyang'anya. Watu tusiowajua wakajitolea kuiboresha. Baadaye akatuomba wote tumkabidhi haki za kazi zetu, eti mradi ukishtakiwa awe na nguvu ya kuutetea. Mimi nilikuwa wa kwanza kukubali. Ningeanzaje kumshuku Kaka?

Mwalimu wetu wa historia haoni. Huiweka simu mezani, inamsomea madondoo yake, nasi tunaandika. Wavulana wa nyuma wameshagombana nani atamwoa huyo dada wa kwenye simu, na mimi nimekaa palepale nimeinamia daftari. Mwalimu mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba nikiulizwa swali nanong'ona kama mtu anayeiba sukari, nijifunze kwa huyo dada kutamka.

Mwezi uliopita, katikati ya somo, simu ilisita. Kisha ikasema, polepole na kwa adabu, kwamba muda wake wa kutumia bila malipo umekwisha. Mama, ilikuwa sauti yangu. Sentensi hiyo sikuisoma kamwe. Mwalimu aligusa, ikarudia. Akagusa tena, ikarudia vilevile, na darasa likacheka. Akaipapasa, akaizima, akatuambia tusome wenyewe. Alibaki amekaa pale hadi kengele ikalia.

Nilipomuuliza Kaka, hakukana. Alisema kampuni moja imeinunua programu, toleo jipya lina leseni nyingine, na simu za watu zimejisasisha zenyewe. Akaniuliza kama nilitaka ashibe sifa. Makampuni makubwa, alisema, yalikuwa yanaichukua kazi yake na kuiuza ndani ya vifaa vyao, na hata asante hayamwambii. Leo yeye akiuza, ndiye mbaya? Huo uhuru wetu umelipa umeme lini? Hilo la makampuni ni kweli. Ila nilimuuliza mbona hakutuambia siku ile alipotuomba haki zetu. Akasema ningeharibu mambo kwa kulia. Halafu akanikumbusha kwamba wewe umeshaanza kuaga kazini, na mkataba huo ndio utakaokurudisha nyumbani. Hapo alinifunga mdomo, na alijua amenifunga.

Sasa ndilo lenyewe, Mama. Toleo la zamani lilikuwa bado kwenye kompyuta yangu, na kwa toleo lile leseni ya zamani haifutiki. Nililiweka mtandaoni kwa jina jingine, huria kama mwanzo. Mwalimu nilimwekea simuni wakati wa mapumziko, nikamnong'oneza kwamba ni marekebisho tu. Waliolichukua ni wengi kuliko nilivyodhani. Kampuni imemwandikia Kaka kwamba wateja wanakimbia, na hali ikiendelea hivi itauvunja mkataba. Kaka anamwita huyo mtu mwizi. Na kwa kuwa eti mimi nina macho makali na lugha zote mbili, alinikalisha kando yake nimsaidie kumtafuta. Nikakaa, nikatafuta, nikamwambia simwoni.

Huenda nimekuzuia kurudi, na hilo nimelilia kuliko yote. Tafadhali usiache kazi bado. Nikasirikie utakavyo, lakini usiniambie nimwombe Kaka radhi. Kila neno la leseni ile alinifundisha yeye, na mimi nilimwamini.

Nisalimie wenzako wote wa zamu, na yule mgonjwa wako mcheshi kama bado yupo. Kula vizuri, na usinyanyue wagonjwa peke ya

Nasikia kandambili za Kaka kwenye korido, na waya wa maikrofoni unaburuta sakafuni. Jana alisema kampuni inataka sentensi mpya, nami sikusema ndiyo wala hapana. Anagonga. Naificha hii ndani ya foronya. Nikifungua mlango nitamwambia sisomi, na akiniuliza kwa nini, nitamwambia na mwizi ni nani.

Kitindamimba wako