Kaaha Kerrow, Uliyemnyooshea Baba Goti

Mwaka umetimia, Kaaha, tangu tukuzike hapa Garissa. Homa ilikuchukua kwa siku sita tu. Ulikuwa na miaka thelathini na tisa.

Baba hakutaka tuandike haya. Alisema kwetu marehemu huombewa dua, hatangazwi gazetini. Mama akamjibu, "Waache waandike. Asiyejua kwamba amekufa atamwombeaje?" Baba akavuta tasbihi yake punje tatu nne, kisha akasema, "Wakiandika, waandike habari ya goti."

Basi tunaiandika.

Kwa asiyekujua: miaka kumi na miwili ulifanya tiba ya viungo katika chumba kimoja chenye kitanda cha ngozi nyeusi na pazia la kijani. Mashine ilikuwa moja, na mara nyingi imeharibika. Kazi uliifanya kwa mikono. Kucha fupi, pete umeiacha nyumbani. Kabla ya kumgusa mgonjwa ulishika kwanza kikombe cha chai ili viganja vipate moto, kwa sababu wiki yako ya kwanza kazini bibi mmoja, Hawo, aliruka kitandani na kukuuliza, "We mtoto, mikono baridi hivi, umetoka kuparua samaki?" Waliokuwa kwenye foleni nje ya pazia walicheka mpaka ukatoka kuwaomba wanyamaze, nawe pia unacheka.

Wanawake wazee walikuja kwako kutoka mbali, wengine kutoka Griftu na Buna. Wengi wao walikuwa wamevumilia maumivu ya magoti kwa miaka kwa sababu hawakutaka kumfunulia mguu mwanamume asiye wao, hata akiwa daktari. Wewe ulivuta pazia, ukakaa chini yao, ukasema, "Legeza, habaryar. Usinisaidie." Uliwaita habaryar, mama wadogo, hata wale waliokuwa na umri wa bibi zako, na walipenda. Kisha kwa vidole gumba viwili uliisukuma pia ya goti, kile kifupa cha mbele, taratibu kuelekea ndani, ukaishikilia, ukaiachia, ukairudia.

Hukuwadanganya. Uliwaambia kwamba gegedu, ule utando mgumu unaozuia mifupa isisagane, ukishalika haurudi. "Siwezi kukupa goti la msichana," ulisema. "Hili ulilonalo, nataka litembee kwenye njia yake."

Na barabarani ulitutia aibu. Hatukuweza kwenda sokoni nawe kwa amani. "Yule mzee pale mbele anaogopa kukunja mguu wa kulia," ungesema, na kabla hatujakuzuia ungekuwa umeshamfikia, umemsalimia, unamuuliza habari za nyumbani na za mguu.

Lakini mgonjwa aliyekutoa jasho alikuwa baba yako mwenyewe.

Mzee Kerrow alikuwa na miaka sabini na mbili wakati huo, na ngamia kumi na wanne upande wa Modogashe. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba, na asubuhi halikunjuki mpaka alisugue kwa muda. Alikuwa ameshachomwa chuma cha moto mara mbili, kama wazee wetu wafanyavyo, na makovu manane yalilizunguka. Kaka yetu mkubwa, Ayanle, akaitisha kikao cha familia. Alisema kwa upole, lakini alisema: ikifika vuli na mzee bado anapata taabu kukamua, ngamia wauzwe, naye aje mjini akae kwenye kiti, aletewe kila kitu.

"Maziwa je?" baba akauliza.

"Yapo ya paketi, aabo," Ayanle akamjibu; aabo ndiyo baba kwetu.

"Ya paketi." Baba akatutazama mmoja mmoja. "Na mnanizika lini?"

Yeye alitaka achomwe mara ya tatu. Wewe ukaomba wiki sita.

"Zikiisha na hakuna kitu?" Ayanle akakuuliza.

"Nitamshika mguu mimi mwenyewe, achomwe. Na ngamia uza."

Kila Jumapili baba alishuka na lori la mifugo, akalala kwako siku mbili. Ulimlaza kwenye mkeka, ukaikanda misuli ya nje ya paja iliyokuwa ngumu kama kamba ya kisima, ukairudisha pia ya goti kwa vidole. Aliona haya. "Nimekuwa mtoto wa siku saba," alilalamika, "nashikwashikwa na binti yangu." Nawe ukamwambia, "Mimi ulinishika mara ngapi, na nilikulalamikia?"

Jumanne alirudi Modogashe anatembea vizuri. Jumapili iliyofuata alishuka kwenye lori akichechemea, na vidole vyako vikaikuta pia ya goti imekimbilia nje tena. Ikawa hivyo wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wiki ya tatu mama alikukuta jikoni unalia, sufuria ya chai imechemka hadi imekauka.

Ulikuwa umemuuliza baba maswali yote yaliyo kwenye fomu. Unabeba mizigo mizito? Habebi. Unapanda ngazi? Ngazi gani, Modogashe? Unasimama kwa muda mrefu? "Mimi sisimami," alikujibu, kwa heshima ya mtu anayejibu serikali. Ukaandika: hasimami.

Alhamisi ya wiki ile ulipanda gari kwenda Modogashe bila kumwambia mtu. Ulifika wakati wa kukamua. Na pale ukamwona baba amesimama kwa mguu mmoja, ule wa kushoto. Unyayo wa kulia alikuwa ameubandika kwenye goti la kushoto, kwa upande wa ndani, paja limekuwa meza, bakuli la maziwa limekaa juu yake, na mikono yote miwili iko kwenye chuchu za ngamia. Ndivyo wanaume wetu wanavyokamua. Wewe, mtoto uliyelelewa mjini, ulikuwa umeliona jambo hilo kila likizo ya shule tangu ungali mdogo, na hukuwahi hata siku moja kulitazama kwa macho ya kazi yako.

"Aabo! Si uliniambia husimami?"

"Nasimama wapi?" Alikutazama kwa mshangao wa kweli. "Nakamua."

Ulikaa chini mavumbini ukacheka mpaka ngamia akasogea pembeni. Unyayo ule ulikuwa umelisukuma goti kwenda nje asubuhi na jioni kwa miaka sitini. Ulichokinyoosha Jumatatu, yeye alikipinda kwa siku tano zilizofuata.

Kiti hakikufaa, maana kiwele cha ngamia kiko juu. Mkajaribu kubadilisha mguu. Baba nusura aanguke chini ya tumbo la mnyama, na ngamia mwenyewe akageuza shingo kumtazama. Hapo ndipo ulipoivua shela yako ya juu, ukabaki na hijabu, ukamfunga nayo baba shingoni kama mbeleko, bakuli likaning'inia ndani yake mbele ya tumbo, na miguu yote miwili ikakanyaga ardhi.

Jirani yake Korane alikuwa akikamua karibu. "Kerrow!" akaita. "Mashallah! Wa kike au wa kiume?"

Baba hakugeuka. "Vyovyote alivyo," akasema, "halii kama wa kwako."

Wiki tatu zilizobaki zilikwenda kwa namna nyingine. Ulichokinyoosha kilibaki kimenyooka. Ulimpa taulo lililokunjwa aliweke chini ya goti, alikandamize, akaze paja, ahesabu hadi kumi. Kuhesabu kulimchosha, akawa anataja majina ya ngamia wake badala yake, na kwa kuwa walikuwa kumi na wanne, hakukubali kumwacha hata mmoja. Ulituambia huyo ndiye mgonjwa pekee katika maisha yako aliyezidisha zoezi bila kuambiwa.

Wiki ya sita Ayanle akaenda kumwona. Baba alikamua ngamia mmoja, akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu, kisha akampa mwanawe bakuli. Ayanle akanywa. Habari ya kuuza ngamia hakuitaja tena. Vuli ikanyesha.

Goti halikupona kabisa, nawe hukuwahi kudai hivyo. Siku za baridi liliuma. Lakini lilikunjika na lilimbeba, na miaka minne baba alikaa na ngamia wake kama alivyotaka. Kila ulipokwenda kumwona alinyoosha mguu kabla hujakaa, akakuambia, "Haya, aabo, kagua," akikuita kwa jina lake yeye, la baba, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita watoto wao.

Kisha ikaja siku ambayo hatukuiwazia.

Mwanamke hushushwa kaburini na wanaume wa karibu yake. Liban, mume wako, alikuwa ameshaingia ndani, na Ayanle akamfuata. Baba alisogea ukingoni. Ayanle akamwambia kutoka chini, "Wewe baki juu, aabo. Kina ni kirefu."

Baba akampa Korane fimbo yake. Akakaa ukingoni, akautanguliza mguu wa kushoto, akafuatisha wa kulia, akasimama ndani. Akapiga magoti yote mawili kwenye udongo, akanyoosha mikono, akakupokea. Yeye mwenyewe akakusogeza kwenye mwanandani, ule uwazi wa ubavuni mwa kaburi, akakugeuza kuelekea kibla, akakaa hivyo, amepiga magoti kando yako, muda mrefu kuliko ilivyo kawaida.

Ayanle akampa mkono amwinue.

"Niache," baba akamwambia. "Alinifundisha kuinuka."

Akaukanyaga udongo kwa mguu wa kushoto, akakaza paja, akainuka peke yake.

Kaaha, hiyo ndiyo habari aliyotaka iandikwe. Tunaomba kila atakayeisoma akuombee rehema na nafasi pana.

Wanaokukumbuka ni baba yako Kerrow na mama yako Ruqiya. Mume wako Liban. Binti yako Yurub. Kaka yako Ayanle. Mdogo wako Khadra. Pamoja na wazee wote, wa kike na wa kiume, wanaotembea leo kwa sababu uliwashika.

Jina lako halitatoka katika dua zetu, maisha yetu yote.