Maji Chini ya Filta

Jumatatu, 3 Machi 2025
Taa ya njano ya filta imewaka tena! Tunatoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na viroba vya mawe, tunapeleka kwenye karasha yakasagwe — gari likakohoa, likazima. Tumesukuma kwenye tope, mimi na wapakiaji wawili. Mgongo hauna hali. Fundi Chacha kafungua, kasema sensa inayowasha taa haina kosa, dizeli ndiyo ina maji. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, maji yakiwa bado yametulia chini, nilegeze koki ya filta niyamwage mpaka itoke dizeli tupu. Nikizembea, nozeli zinakufa. Pampu nayo. Na gari likifa, wa kufukuzwa ni mimi. Davis aliyeliendesha kabla yangu aliondoka hivyo hivyo. Kasulu nitarudi na nini?

Jumanne, 4 Machi
Nimemwaga. Nusu kikombe, maji machafu. Gari limevuta vizuri kutwa nzima. Na yanapotoka nimepajua — madumu! Yale yale ya kuchotea maji ya kuoshea mchanga ndiyo yanayojazwa dizeli kwa Rhoda, pale senta. Hakuna anayeyakausha. Nimemwambia Rhoda, kacheka. Eti mbona magari ya wenzangu yanakunywa tu, letu limezaliwa njiti?

Alhamisi, 6 Machi
Bosi Ngassa kanikuta nimeinama kwenye injini na chupa. Shikamoo yangu hakuiitikia.
"Mwisho wa Reli, hiyo dizeli unampelekea nani?" Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa natoka Kigoma.
Nikamwambia, bosi, haya ni maji. Kasema wezi wa mafuta wote huanza na chupa ndogo. Kweli, huku madereva wananyonya mafuta, najua. Lakini mimi! Koki nisiiguse tena. Wapakiaji wakacheka, hata wale niliosukuma nao.

Jumamosi, 8 Machi
Taa haizimi. Bosi kamwambia Chacha achomoe waya wa sensa, inamtia aibu mbele ya wanunuzi. Chacha kaniangalia. Kachomoa. Simlaumu, ana watoto. Namlaumu kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika juu ya usukani. Gari limezima kabla ya Kharumwa, viroba nyuma, bosi ubavuni. Safari hii hakuna taa iliyotuonya. Nikaomba ruhusa ya kufungua koki. Kaitikia kwa kichwa. Nikalegeza mbele ya macho yake — maji. Maji tena. Dizeli sijaiona! Nikasema moyoni, leo ameelewa. Akachovya kidole, akanusa.
"Umeyatia lini?"
Nimeapa kwa Mungu. Hasikii.
Sasa kasimama kule barabarani na simu. Anaongea Kisukuma, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Ila katikati nimesikia "dereva". Na "kesho asubuhi", hiyo kaisema kwa Kiswahili.
Anakuja, mkono kaunyoosha. Ufunguo bado ninao mimi.