Maji Yaliyolala Bombani

Maseru, Julai

Mdogo wangu Puleng,

Theluji imeanguka milimani na baridi yake tunaipata huku mjini. Blanketi ulilonitumia ninalo mabegani ninapoandika. Msalimie shemeji.

Nilikuahidi kwamba hita ya maji isipopona nitafunga nyumba nije kwako. Tangu tumzike mume wangu Mohlomi, kila asubuhi inanimwagia barafu. Jana nikamwita fundi Moeketsi. Akakagua gesi, akabadilisha betri, akautazama moto, akacheka.

"Mama, hii nzima kabisa. Ukifungua bomba, unasubiri kidogo?"

"Nisubiri nini? Naingia."

"Ndiyo maana unaamsha majirani kwa mayowe. Hita iko nje ukutani, bafu liko kule mwisho. Maji yaliyolala bombani lazima yatoke kwanza. Nani alikuwa anatangulia kuoga?"

Nikamwambia ni Mohlomi. Kila asubuhi alitoka bafuni na ndoo ya maji baridi, akamwagilia kabichi zake, halafu akaniita, "Malineo, njoo, maji yako tayari." Miaka yote nilidhani anazipenda sana kabichi.

Fundi alipoondoka niliweka ndoo chini ya bomba, nikasimama na taulo langu. Ilipojaa nusu, mvuke ukapanda. Nililia kwanza, maji ya moto yakipotea bure, ndipo nikaoga.

Chumba ulichonitayarishia kitumieni tu. Siwezi bado kuondoka katika nyumba ambamo mtu alinipokelea baridi kila siku, na hakuniambia.

Dada yako,
Malineo