Kahawa ya Kashaija

Jumatano, 10 Julai 2024
Joyness wangu amefika kutoka chuo. Kakonda, lakini kichwa kimejaa. Anaandika utafiti wake wa kuhitimu – jinsi mila zinavyobeba harakati za watu. Nani mwingine hapa Ijumbi ana mtoto wa hivyo? Hata padri hana. Kachagua habari za chemchemi yetu, mwaka ule wapimaji walipokuja kuipima wampe tajiri wa mjini. Nimechinja jogoo.

Alhamisi, 11 Julai
Joyness kamhoji Kashaija, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji. Kasema chemchemi iliokolewa na barua yake. Na wanawake? Eti walisaidia kupika.
Kupika!
Wapimaji walizunguka siku tatu, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewanyooshea kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kumkaribishia mgeni. Punje mbili tu za kahawa ya kutafuna, hata adui akiingia kwako humnyimi. Sisi tuliwanyima, maana yake hamtakiwi hapa. Shauri nililitoa mimi, pale pale chemchemi. Penina, mke wa Kashaija mwenyewe, akalimaliza – wageni wamekaa na mumewe sebuleni, viganja vitupu, yeye yuko migombani anakata majani. Siku ya nne wakawasha gari, hawakurudi.
Barua. Nani aliiona?

Ijumaa, 12 Julai
Joyness anasema ananiamini, ila mimi ni mama yake. Mwalimu wake atataka shahidi mwingine. Kaenda kwa Penina. Penina kaulizwa mumewe akiwa hapo hapo, kajibu hakumbuki. Simlaumu, analala nyumba ile.
Kashaija namlaumu. Mwalimu anakuja Jumapili kukagua utafiti. Nimemwalika Kashaija na mkewe. Kwa heshima zote.

Jumapili, 14 Julai
Naandika jikoni, haraka. Wanadhani naongeza punje.
Nyasi mpya nimetandika sebuleni. Mwalimu, Dokta Lwakatare, mzaliwa wa Rwamishenye, Mhaya mwenzetu, nimempigia magoti, nikampa kahawa. Nikampa Penina. Nikampa Joyness. Kashaija kakinga kiganja. Nikapita.
Mwalimu kaona. Kamuuliza, mzee, mbona wewe hutafuni?
Kashaija kacheka. "Huyu mama Joyness, uzee huo. Kasahau."
Joyness kanifuata huku, macho mekundu. "Mama, unaniaibisha mbele ya mwalimu. Mpe."
Nikamwambia, mwanangu, washa kile kinasa sauti chako. Halafu muulize Kashaija, hapa kwetu mtu akinyimwa kahawa maana yake nini. Na ni nani aliwahi kunyimwa nyumbani kwake.
Kanitazama. Kisha karudi sebuleni, kinasa kimewaka, namsikia anamuuliza. Ana akili kama mimi.
Mwalimu anauliza tena, sasa kwa Kihaya. Kashaija akisema maana yake hutakiwi, amekiri wanawake ndio waliowafukuza wapimaji; akisema si kitu, mwalimu atajua anadanganya.
Kikapu kiko mapajani. Sitoki.
Kuna mtu anasafisha koo. Si Kashaija. Ni Penina –